Ugonjwa Haukutoka Plano

Tima,

Salamu zako zimo humu ndani mahali, utakutana nazo njiani. Nikianza kuzipanga zote, za majirani na za shangazi zako wa Mombasa wanaokuombea dua na kukuagiza simu mpya kwa pumzi moja, karatasi zitaisha kabla sijafika ninakokwenda. Na karatasi zenyewe ndizo hizi, migongo ya hati za mizigo. Ukigeuza utaona leo nimeleta vigae vya bafuni. Usije ukasema babako hakukuandikia kwenye karatasi ya maana.

Niko Mesquite, nje kidogo ya Dallas, hapa ghalani, mlango wa kumi na saba. Saa kumi alasiri. Jamaa wa kushusha mizigo ameniambia "dakika tano" akaenda kula, kwa hivyo nina kama saa moja na nusu. Kesho asubuhi unakwenda Houston, na nilipotoka nyumbani chumba chako kilikuwa na maboksi saba ya vitabu na begi moja la nguo. Mimi nilipotoka Mombasa nilikuwa na begi moja tu, na nusu yake ilikuwa viatu. Mtu huanza na anachokijua.

Sitakuambia uvae sweta wala usitembee peke yako. Mamako ameshakuandikia hayo yote na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku, namba moja mpaka ishirini na sita. Nimeyasoma. Namba tisa inasema usimsikilize babako kuhusu magari. Tutaongea, mimi na yeye.

Mimi nakuandikia jambo moja. Ni kuhusu nyanyako, na nani aliyeleta ule ugonjwa nyumbani kwetu. Nakuambia mapema ili usidhani ni barua ya kubembelezana. Lakini nitafika taratibu, maana mimi ni dereva, na ukiwa na mzigo mzito hukati kona kwa mbio.

Nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza changu ni cha kuongea na polisi. Chako kizuri mno, kila nikibishana nawe kwa Kiingereza nashindwa hata pale nilipo na haki. Kiswahili unakisoma na kidole juu ya neno, kama nyanyako alivyokuwa akisoma juzuu bila miwani. Vizuri. Hii sitaki uikimbize.

Unanijua, lakini huko unakokwenda utakutana na watu wa digrii tatu tatu, kwa hivyo nikukumbushe umetoka kwa nani. Mimi nimeishia kidato cha pili. Walimu ndio walionikosa. Nilikupata nikiwa na miaka kumi na tisa, ndevu zangu nywele sita, nazijua moja moja. Na leo, kati ya Dallas na Houston, hakuna anayerudisha trela nyuma kama mimi. Muulize yeyote hapa. Usimuulize yule wa mlango wa tisa, yule ana wivu, na ile nguzo ilikuwa imepinda kabla sijafika.

Sasa unakumbuka ile safari ya mwezi wa tatu, tulipokwenda kuangalia chuo? Mamako alikuwa kazini, tukaenda sisi wawili. Tulipopita Corsicana ukatoa makaratasi yako.

"Baba, punguza redio. Keshokutwa nasimama mbele ya darasa. Nisikilize."

"Nakusikiliza, profesa."

Ukanisomea insha yako ya tauni. Ile tauni kubwa ya zamani, iliyotoka upande wa Bahari Nyeusi ikapanda meli, ikashuka Sisilia na mabaharia wanaokufa, halafu ikafuata njia za biashara, mji kwa mji, pamoja na nafaka na sufu na ngozi. Nikakuambia, "Kumbe panya ndio madereva."

"No, Baba. Viroboto ndio madereva. Panya ndio malori."

"Na watu?"

"Watu ndio ghala."

Niliendesha na hilo kichwani mpaka Fairfield. Miaka kumi na tano naingia maghala na kutoka, hakuna aliyewahi kunieleza dunia kwa njia ya kazi yangu. Nikakuuliza kuhusu wale madaktari wa tauni waliovaa vinyago vya midomo ya ndege, ukanitazama kwa jicho lile la mamako.

"Hao ni wa baadaye sana, Baba. Karne nyingine kabisa. Umeona kwenye filamu."

"Nimeona kwenye fulana."

Ukaendelea. Kairo majeneza yakawa hayatoshi. Dameski watu wakafunga saumu siku tatu, halafu wakatoka pamoja kuomba, Waislamu na Mayahudi na Wakristo, wengine miguu mitupu. Ulipofika pale ulisema mwalimu wako ameandika pembeni kwa wino mwekundu, anauliza kwa nini watu waliendelea kukusanyika wakati kukusanyika kulikuwa hatari. Hukuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo, nikalimeza. Utalipata humu.

Ukanisomea pia kwamba tauni ilipopita wafanyakazi wakawa wachache, waliobaki wakadai ujira wa maana, na mabwana wa mashamba wakatungiwa sheria ya kuuzuia usipande. Nikapiga usukani kwa kucheka. Sisi hapa ghalani wakati wa korona walituita mashujaa wakatuletea piza. Vipande viwili kila shujaa, na cha tatu ilikuwa kugombana.

Halafu kuna yule baba wa mji wa Siena, aliyeandika kwamba alizika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuuliza kama alisema nani aliwaletea.

"Hakusema. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Walidhani ni hewa mbaya. Walidhani ni nyota."

Nilikuwa namwonea wivu. Mtu amezika watoto watano, na mimi nimeshika usukani namwonea wivu kwa sababu hakujua.

Ndipo ukafika ukurasa wa kutafuta wa kulaumiwa. Ukasoma kwamba miji mingine ilisema Mayahudi wametia sumu visimani. Wakakamatwa, wakateswa mpaka wakakiri, wakachomwa moto, familia nzima nzima. Na wao tauni ilikuwa inawaua vilevile. Kwingine wakalaumu ombaomba na wageni wa njiani, yeyote aliyekuwa mdogo wa kutosha kubebeshwa lawama. Hivyo ndivyo ulivyoandika, "mdogo wa kutosha". Tulikuwa tunaingia Huntsville, lile sanamu jeupe kubwa la kando ya barabara limeshaanza kuonekana juu ya miti. Ukakunja karatasi, ukatazama nje ya dirisha, ukasema kwa sauti ya mtu anayeongea habari ya mvua:

"Angalau wao hawakufanya kitu. Mimi nilifanya."

Unakumbuka nilifanya nini? Niliwasha redio.

Nikaongeza sauti. Palikuwa na mtu anauza magodoro. Tukamsikiliza muuza magodoro mpaka Conroe.

Basi, Tima, nikueleze.

Wakati wa korona ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nyanyako alikuwa amekuja kutoka Mombasa miaka miwili kabla, mnalala chumba kimoja, mnaitana somo kwa sababu jina ni moja. Mamako alikuwa anahudumia wazee kule kwenye nyumba ya wazee, anapimwa kila wiki, akirudi anavua nguo gereji na kuoga kabla ya kusema hata habari za jioni. Sheria zilikuwa zake na tulizifuata. Hakuna kutembelewa wala kutembelea. Na hakuna maziko, hilo alilisema mara mbili akinitazama mimi.

Kombo akafa Houston. Wewe humkumbuki. Ni yule mtu wa Lamu aliyenipokea nilipofika nchi hii sina hata koti, akanilaza sebuleni kwake miezi minane, akanifundisha kuendesha lori kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Alikufa kwa figo, hakufa kwa korona. Mwanawe Faraji akanipigia simu akilia. Nikamwambia mamako nina mzigo wa Houston. Na mzigo ulikuwepo kweli. Uongo wangu siku zote huwa na mzigo wa kweli ndani yake, ndiyo maana unapita kwenye mizani.

Tulimzika tukiwa watu kumi, barakoa usoni, tumesimama mbali mbali kama nguzo za simu. Hakuna kushikana mikono. Faraji alitaka kumshukia babake kaburini, mtu wa makaburi akamkatalia. Tukarudi nyumbani kwake. Alikuwa amefungua mlango wa gereji, akapanga viti mbali mbali, na mezani biriani kwenye sahani za karatasi.

Akaniambia kwa adabu, "Ami, leo kila mtu na sahani yake. Tafadhali."

Na mimi, mbele za watu, nikamjibu, "Tangu lini? Babako kalisha nusu ya watu wa Pwani waliofika mji huu, leo tumlie hitima kwa sahani za karatasi, kama watoto wa shule wako pikniki?"

Nikaingia jikoni mwenyewe, nikatoa lile sinia lake kubwa, nikamwaga biriani yote, nikatandika mkeka katikati ya gereji. Nikakaa. Nikawaita kwa majina. Mmoja akaja, wa pili akaja, mpaka tukawa wanne tumezunguka sinia, mikono mitupu, barakoa kidevuni. Mmoja wetu alikuwa na kikohozi. Akasema ni vumbi la kaburini. Nikamwambia, "Kohoa tu, ndugu yangu, Kombo alikuwa na vumbi lake." Watu wakacheka. Halafu Faraji naye akaja akakaa, akala tonge mbili, akalia, nikamshika bega.

Hilo ndilo jibu la mwalimu wako. Anauliza kwa nini watu walikusanyika. Kwa sababu ilikuwa tamu. Siku zote nimekula vizuri, lakini sijawahi kula kama siku ile. Watu walikuwa wamekaa kila mmoja na huzuni yake kwenye kiti cha plastiki, na mimi ndiye niliyewaleta pamoja, na nilijiona mwanamume. Hata tungejua, sidhani kama mkono wangu ungerudi nyuma. Na nilijua. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha nikiwa na miaka tisa, kwamba Mtume alisema tauni ikiwa kwenye mji msiingie, na mkiwa ndani yake msitoke. Nimesoma nusu tu ya kila kitu maishani, lakini siku ile nilikuwa darasani.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Alhamisi nilikuwa hapahapa, mlango wa jirani, nikamwagikiwa na dizeli mkononi. Nikaenda kunawa, nikagundua sijasikia harufu yake. Nikanusa tena. Nikanusa kwapa. Nilikuwa na achari ya ndimu kwenye lori, nikafungua chupa nikaingiza pua yote. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa maji.

Kila mtu alikuwa anajua maana yake kufikia wakati ule. Redio zilikuwa zinasema, mamako alikuwa anasema. Nilitakiwa nilale ndani ya lori, nimpigie simu, nimwambie. Lakini ningemwambia nimeutoa wapi? Ningeanza na Kombo, nifike kwenye gereji, nifike kwenye sinia. Nikasema moyoni huenda ni mafua. Nikaja nyumbani.

Jioni ile nyanyako alikuwa ametia ubani, kwa sababu ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikampelekea chai yake chumbani, nikakaa pale kitandani kama kawaida. Akanisogezea chetezo chini ya kidevu.

"Wausikia? Huu wa Somalia, si ule wenu wa dukani."

"Nausikia, mama. Mzuri."

Akafurahi. Akanivuta kichwa akanibusu kwenye utosi, vile anavyofanya. Mimi moshi ulikuwa unaingia machoni tu.

Hesabu siku sasa, wewe mwenye kichwa cha hesabu. Alhamisi hiyo mimi sinusi kitu. Ile sherehe uliyokwenda kwa rafiki yako kule Plano ilikuwa Jumamosi, siku mbili baadaye. Nyanyako alikuruhusu kwa siri, "Nenda somo yangu, mamako niachie mimi." Mama wa rafiki yako akaja kukuchukua, madirisha ya gari wazi. Mlikaa nje, mbele ya nyumba, watoto sita, saa moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Najua, kwa sababu niliulizia. Baada ya kumzika nyanyako nilimpigia simu babake yule mtoto nikijifanya namjulia hali. Hawakuwa na chochote. Ulikwenda mzima, ukarudi mzima, ukaukuta ugonjwa umekaa nyumbani siku mbili, unakunywa chai.

Jumatano nyanyako akaanza homa. Yaliyofuata unayajua, hospitali, ile tableti waliyomshikia usoni ili tumwone, siku kumi na moja. Sitakuandikia hayo. Majirani walikuwa wanatuwekea chakula mlangoni, wanagonga, wanarudi nyuma mpaka barabarani, wanatupungia mkono. Nakumbuka vizuri zaidi wale majirani kuliko uso wake wa mwisho, sijui ni kwa nini.

Siku moja kabla ya kumzika, mamako alisimama katikati ya jikoni akasema, "Nataka kujua. Mimi nimepimwa kila wiki, sina. Nani ameuleta humu?" Hakumuuliza mtu. Aliiuliza nyumba. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Wewe ulikuwa mlangoni, umevaa soksi za nyanyako. Nilikuwa na nafasi ya kusema "hatujui". Neno moja hilo, na lingekuwa karibu na kweli. Nikasema:

"Mtoto alikwenda sherehe Plano."

Maneno manne. Sikugeuka hata kukutazama, lakini dirishani juu ya sinki nilikuona. Hukulia. Uliangalia mikono yako, mbele na nyuma, kama mtu aliyeambiwa ina rangi.

Mamako hakukugombeza, namshuhudia. Alikukumbatia akasema wewe mtoto, hukujua. Ndiyo mbaya zaidi. Alikusamehe kosa langu.

Kuanzia siku ile ukaanza kuosha mikono mpaka ikapasuka. Siku ya maziko ulibaki ndani ya gari kwa hiari yako, na mimi nikasema mbele za watu, "Mtoto huyu ana akili." Na nyumbani ukachukua sahani yako, ile ya bluu, ukala pembeni. Hakuna aliyekuambia uondoke kwenye sinia. Tulikuwa tunalitandaza chini siku za Ijumaa, mimi na mamako, na wewe juu ya meza na sahani ya bluu. Mwaka mzima. Mimi niliyekataa sahani za karatasi Houston nilikutazama ukila peke yako mwaka mzima, nikakutania kwamba umekuwa Mzungu. Ukacheka. Ulikuwa mtoto mwenye adabu mno, hilo ni la mamako.

Nilijiambia atasahau, watoto husahau. Wewe badala ya kusahau ukaenda kusoma. Kwanza vitabu vya viini, halafu tauni, na sasa chuo kizima cha jinsi magonjwa yanavyoenea na jinsi ya kuyazuia. Na mimi, kwa sababu ndivyo nilivyo, nimekutangaza kila mahali. Hapa ghalani wote wanajua. Yule wa mlango wa tisa nimemwambia mara nne, mwanangu anakwenda kuwa mtaalamu wa maambukizi. Najisifu kwa jambo ambalo mzizi wake ni uongo wangu. Hata sifa nimekuibia.

Naweza kusikia utakavyobisha. Utasema kisayansi hatuwezi kuwa na hakika, Baba, huenda vipimo vya kazini kwa Mama vilikosea, huenda hivi, huenda vile. Umeandika mwenyewe kwenye insha kwamba chanzo cha ugonjwa ni vigumu kukikamata. Sawa. Nikubali hilo, ingawa mimi na pua yangu tunajua. Ule ugonjwa niliubeba siku nne bila kujua. Lile neno la jikoni nimelibeba miaka sita nikijua uzito wake. Kwenye lile la kwanza unaweza kunitetea ukitaka. Kwenye la pili usijaribu.

Mamako nimemwambia jana mchana. Alikuwa anaosha sufuria. Akaendelea kuiosha ile sufuria moja mpaka nikaanza kuihurumia. Mwisho akafunga bomba.

"Mtoto wa miaka kumi na miwili, Saidi."

"Najua."

"Hujui. Mimi nilimsamehe. Unajua nilimwambia nimekusamehe?"

Nikasema nitakuambia siku ya safari, kwenye gari, njia ndefu, tutakuwa wawili. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kwenye gari utawasha redio," akasema. "Mwandikie. Na umpe kabla hajaondoka. Usimtumie akishafika, huko kutakuwa kukimbia tena."

Kwa hivyo nitakupa mkononi leo, nikifika, kabla ya magharibi, mamako akiwepo. Ukitaka kunisomea kwa sauti makosa yangu ya herufi, soma. Ukitaka kufunga mlango, funga. Kesho nitakupeleka Houston kama ukitaka. Kama hutaki, mamako ameomba ruhusa kazini, na funguo za gari ziko mezani karibu na mkate. Maboksi nitapakia mimi kwa vyovyote, maana wewe na mamako mtayapanga vitabu chini na vioo juu mfike Houston na changarawe. Namba tisa haihusu kupakia.

Nikikupeleka mimi, redio nitaizima. Hata mpira.

Sikuombi unisamehe. Nimeona mtu akisamehewa haraka, nimeona ilivyomfanya. Kuna kitu ulinisomea mwezi wa tatu ambacho nimekipenda kuliko vyote, kwamba bandari moja ya zamani ilianza kuzitenga meli zinazotoka kwenye tauni, zikae mbali, siku thelathini, na baadaye siku zikawa arobaini. Uliniambia ndiko karantini ilikotoka. Mimi nikasema arobaini tunaijua, ndiyo siku ya kumsomea maiti hitima na kuanua matanga. Ukaandika hilo pembeni, ukasema utamwambia mwalimu. Sijui kama ulimwambia.

Basi mimi ndiye meli. Niweke mbali muda unaoona unafaa, wewe ndiye mtaalamu. Siku arobaini, au zaidi.

Ila unajua kila Jumatano nina mzigo wa Houston. Wa kweli, mamako ataziona hati. Nikishashusha nitaliacha trela ghalani, nije na kichwa cha lori mpaka kwenye hiyo fleti uliyopanga na wale wasichana wawili. Nitakuwekea mlangoni hotpoti ya nyanyako, ile nyekundu yenye mkono mmoja uliovunjika. Siku nyingine pilau, siku nyingine mahamri na mbaazi, kulingana na mamako ameamkaje na mimi. Nitagonga, nirudi nyuma mpaka barabarani, kama walivyotufanyia majirani. Nitasimama pale dakika chache, hiyo naomba uniruhusu. Ukifungua, fungua. Usipofungua, nitapunga mkono kwenye mlango niondoke.

Wiki inayofuata niachie hotpoti nje. Nikiinyanyua nikaiona nyepesi, nitajua umekula, na nitaendesha vizuri mpaka Dallas.

Lakini uioshe. Mwenyewe hakupenda irudi na mafuta.

Babako,
Saidi

Jamaa amerudi kutoka kula. Ananiuliza naandika nini muda wote huu, nimemwambia insha.